Ukungu Anaoutaka Msimamizi

Jumanne ya tarehe 9 Aprili 2019, daftari la upuliziaji la shamba moja la mahindi la ekari mia mbili na arobaini lina mistari miwili. Wa kwanza umeandikwa saa mbili na robo asubuhi kwa herufi kubwa: "UPEPO MDOGO. NOZELI MPYA. PRESHA 2. NIMEMALIZA UPANDE WA BARABARA." Chini yake, kwa kalamu nyekundu na mkono wa haraka: "Hakuna kilichopuliziwa. Rudia."

Mstari wa kwanza ni wa dereva wa trekta ya kupulizia, mwanaume wa miaka arobaini na sita ambaye wenzake humwita Bwana Matone. Wa pili ni wa msimamizi wake.

Dereva ameendesha trekta hiyo miaka kumi na saba. Nyuma yake kuna tangi la lita mia sita na bomba refu lililotanuka pande zote mbili, na juu ya bomba hilo nozeli ishirini na nne, vile vichwa vidogo vya plastiki vinavyoigawa dawa kuwa matone. Karakana nzima inajua kwamba huzisugua kila Ijumaa kwa mswaki wa zamani wa mkewe. Inajua pia kwamba mswaki huo haushikwi na mtu mwingine.

Nozeli za zamani zilitoa ukungu mweupe uliofika kiunoni. Msimamizi aliupenda. Aliweza kusimama getini na kikombe chake cha chai na kujua, bila kutembea hata hatua kumi, kwamba kazi inaendelea. Lakini ukungu huo ni dawa ya magugu iliyokatwa ndogo mno kiasi cha kukosa uzito wa kuanguka, na upepo wowote huubeba. Unaupeleka ng'ambo ya barabara, ambako dada mkubwa wa mke wa dereva ana kitalu cha miche ya nyanya.

Dawa yenyewe huua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi. Nyanya nayo ina jani pana. Msimu uliopita miche yote ya shemeji ilijikunja ndani ya siku nne, shina likapinda kama ndoana. Asubuhi ya kupulizia, kwenye usukani alikuwa dereva, na hakukana.

"Basi shemeji, umeniua mzimamzima," dada huyo alimwambia siku ile, akicheka kidogo. "Ungenitumia hata salamu kwanza."

Akapanda upya. Kicheko hakikurudi.

Ndiyo maana dereva alipoitwa kwenye mafunzo ya siku mbili ya wapuliziaji, alikaa kiti cha mbele. Mkufunzi aliwaonyesha nozeli zinazovuta hewa kupitia tundu dogo ubavuni na kutoa matone makubwa yanayoshuka moja kwa moja kwenye jani. Akawapa pia kadi za manjano ambazo hugeuka buluu popote tone linapogusa. Dereva alirudi na nozeli ishirini na nne ndani ya soksi na kadi thelathini ndani ya bahasha.

Alizijaribu mwenyewe Jumapili, kwa maji matupu, kadi zikiwa zimebanwa na shemeji kwa vibanio vya nguo kwenye uzio wake. Kwa nozeli za zamani, kadi ya uzio ilipigwa madoa kiasi kwamba manjano haikuonekana. Kwa nozeli mpya ilipata madoa matatu. Aliyahesabu mara mbili, kisha akamwita mkewe naye ayahesabu.

Jumanne akazifunga, akaweka presha mbili kama alivyofundishwa, akapulizia. Msimamizi alitoka getini, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Mbona sioni kitu?"

"Dawa inashuka chini, bosi. Ukiiona hewani ujue inaondoka."

"Miaka yote nimeiona."

"Na miaka yote imeondoka."

Dereva mwenyewe anakiri kwamba jibu hilo halikuwa la lazima. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakipakia mbolea walicheka, na msimamizi aliwasikia. Dereva akamwomba ainame tu aangalie jani, matone yanaonekana kwa macho. Msimamizi hakuinama. Alichukua daftari na kuandika mstari wake.

Zamu ya mchana ina dereva mwingine, kijana mtiifu asiye na ubaya wowote. Aliambiwa arudie upande wa barabara hadi ukungu uonekane. Hakuwa na muda wa kufungua nozeli ishirini na nne na kurudisha za zamani, hivyo akafanya kilicho rahisi: alizungusha kishikio cha presha kutoka mbili hadi saba. Kwa presha hiyo hata nozeli nzuri hukata matone kuwa vumbi. Ilikuwa saa tisa, upepo ukivuma kuelekea barabarani. Ukungu ukatokea, msimamizi akanyoosha kidole gumba, na shamba likapata dawa mara mbili siku moja.

Ijumaa shemeji alifika nyumbani kwa dereva akiwa na trei ya miche mikononi. Aliiweka juu ya meza, katikati ya vikombe.

"Ndizo hizo nozeli zako?"

"Shemeji, si nozeli. Ni presha. Walipandisha presha nikiwa nimeshatoka."

"Sasa mimi niifungulie presha kesi?"

"Kadi ulizibana wewe mwenyewe. Madoa matatu, uliyaona."

"Kadi hazizai nyanya, shem." Akamgeukia mdogo wake. "Napanda mara ya tatu, kwa ajili yako wewe, si yake. Zikiungua hizi, nang'oa uzio nahama. Na hapa kwako sikanyagi tena."

Mke wa dereva aliiondoa trei mezani, akapangusa udongo. Usiku ule, anasema dereva, chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha ila hakuna aliyeomba cha pili.

Siku ya kumi magugu ya upande wa barabara yalikuwa yamekauka hadi mizizi. Dereva alikuwa ameisubiri siku hiyo kama ushahidi. Alimfuata msimamizi ofisini, chumba chenye kalenda ya mwaka juzi na feni isiyozunguka.

"Umeona, bosi? Yamekufa."

"Nimeona. Si nilisema warudie?"

Kurudia kulikuwa kumeziba kila alichotaka dereva kuthibitisha. Nozeli zilizofanya kazi zilionekana zimeshindwa, na kosa lililounguza miche lilionekana ndilo lililookoa shamba.

Mwishowe aliomba mistari kumi na miwili tu ya mahindi, ile inayopakana na barabara, kwenye awamu ya pili ya upuliziaji. Nozeli zake, presha mbili, asirudie mtu, wasubiri siku kumi.

"Na magugu yasipokufa?"

"Nitayalima kwa jembe. Mwenyewe."

"Mistari kumi na miwili? Mita mia nne kila mmoja?"

"Mwenyewe, bosi."

Msimamizi alicheka, akamwambia aandike na asaini. Dereva aliandika kwa herufi kubwa. Akaongeza mstari ambao hakuulizwa: upepo ukizidi, hapulizii.

Nilipomtembelea karakana alikuwa akichokonoa nozeli ya kumi na saba kwa mswaki. Nilimuuliza kama anaamini zamu ya mchana itaheshimu maandishi yale. Alinionyesha skrubu moja inayoshikilia kishikio cha presha, na bisibisi inayoitoshea.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi atapulizia mistari hiyo kumi na miwili. Shemeji ataning'iniza kadi kwenye uzio kwa mkono wake na kuzikusanya kwa mkono wake. Akimaliza, dereva atafungua skrubu, atatia kishikio mfukoni na kwenda nacho nyumbani.