Nilimnyima Shemeji Yangu Maji

Kosa ni langu, wala silitafutii mshirika. Wasomaji wenzangu, mtu mmoja amelala kaburini upande wa Msalato kwa sababu nilimnyima maji, na nilimnyima nikiamini natenda haki. Jina langu sitaliandika. Pale kisimani wanalijua.

Masinga alikuwa mume wa dada yangu mdogo. Alikuwa mpagazi wa misafara kabla reli haijafika kwetu. Safari moja mzigo wa pembe ulimwangukia ukamvunja mguu, na huko pwani wakampa afyuni ili apate usingizi. Mguu ulipona ukapinda. Afyuni haikumwachia. Alirudi nayo kwenye kitambaa, vidonge vyeusi mfano wa mavi ya mbuzi, na ikiisha aliipata kwa watu wa kambi ya reli.

Mimi nilijifundisha kusoma peke yangu, na nilipojua kusoma nikadhani nimejua kila kitu. Niliamini mtu wa afyuni amechagua uvivu. Akida, mtu wa serikali, angemchapa viboko; mimi sikumshtaki, na kwa hilo nikajiona mpole.

Kwetu, kiangazi, maji huchimbwa ndani ya mchanga wa mto mkavu. Kila asubuhi mchanga umebomoka, na wenye kisima hushuka kuchimba upya. Sheria yetu ni ya zamani: asiyechimba hanywi. Iliwekwa kwa ajili ya wavivu. Mjane huchimbiwa, mgonjwa huchimbiwa, wala hakuna anayeuliza.

Kiangazi kile Masinga aliacha kushuka. Alikuja kwangu akanieleza kwamba anaipunguza: kila kidonge anakikata kwa ukucha, kipande anameza, kipande anampa mkewe amfichie.

"Shemeji," aliniambia, "nivumilie mpaka mvua. Nikiiacha ghafla itaniua."

Nilicheka. Nikamtaka dada anipe kitambaa, naye akanipa kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa. Nikakitia motoni mbele ya wanaume niliokuwa nakunywa nao pombe ya mtama. Naam, kibuyu cha pombe kilikuwa mkononi mwangu! Mmoja wetu alikuwa hawezi hata kusimama, na ndiye aliyesema Masinga akaombe maji huko huko pwani alikoombea dawa. Tukacheka wote. Nikatamka kwamba huyu si mgonjwa, ni mvivu, na sheria ya kisima imshike.

Nyumba ya tembe ya Masinga na dada ilikuwa jirani na yangu. Nilimsikia. Alitapika, aliharisha, alitetemeka kwa baridi jua likiwa utosini. Dada alipokuja kisimani nilimwuliza anamchotea nani. Akasema watoto. Nikamruhusu kibuyu kimoja, nikasimama kuhakikisha hajazi cha pili. Mtu anakauka, na mimi nalinda tundu la mchanga!

Jioni alinifuata akasema midomo ya mumewe imepasuka na haongei tena. Nilimjibu kwamba shetani akitoka hupiga kelele kwanza, kisha hunyamaza. Nililisoma wapi neno hilo? Sikulisoma popote. Nililitunga pale pale, ili nisionekane nimerudi nyuma.

Asubuhi nilikuwa ndani ya kisima, nachimba. Dada akasimama ukingoni na mtungi mkubwa. Hakuwa analia.

"Kaka," alisema, "ya kumwoshea naruhusiwa kuchota?"

Wanaume waliokuwa wakipokezana vibuyu waliinamisha vichwa. Nilijaza mtungi ule kwa mikono yangu. Maji yalikuwepo mengi. Yalikuwepo jana, na juzi.

Tangu hapo dada hanywi maji ya kisima chetu. Huenda bonde la pili, mbali, wanawe nyuma yake na vibuyu vyao. Tukikutana njiani watoto wanasema, "Shikamoo, mjomba," kwa sababu amewafundisha adabu, kisha wanapita. Yeye hutazama mbele.

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe uliye na mtu wa namna hiyo nyumbani, nawe umeshakaa na wenzako kumjadili. Kama huwezi kumwita mgonjwa, mwite mkosaji. Sibishani nawe. Lakini mkosaji naye ana kiu. Mpe maji kwanza. Hukumu yako haitaharibika ikingoja.