Mguu wa Kukanyagia Lori

Kurekebisha injini ya zamani ni kazi ya watu wawili. Mmoja huinama juu ya injini na kusikiliza, mwingine hukaa kwenye usukani, akiambiwa kanyaga anakanyaga mafuta, akiambiwa achia anaachia. Mzee Gia alikuwa na kila spana inayohitajika katika kazi hiyo. Mtu wa pili ndiye hakuwa naye.

Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu hata akipanda kilima kidogo cha kutokea barabarani alisimama katikati, akavuta pumzi, kisha akaendelea kwa mwendo mwingine, kama aliyeingiza gia ndogo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa lori, na alipostaafu alilinunua lile lile alilokuwa akiliendesha: lori la petroli lenye boneti ndefu, bodi ya mbao, na mlango usiofunga mpaka uusukume kwa bega. Lilikaa uani mwake, kati ya tangi la maji na chumba nilichokuwa nimepanga. Nikifungua dirisha asubuhi, kitu cha kwanza kunitazama kilikuwa taa yake ya kushoto.

Wiki hiyo lori lilikuwa bovu. Nimeishi na watu wa lugha nyingi, na wote hulivika gari bovu mwili wa binadamu: kwingine linakohoa, kwingine lina kwikwi, kwingine limechoka moyo. Mzee Gia alisema linachechemea, na kama linachechemea basi kuna mguu unaouma, kwa hiyo tuutafute. Aliposema "tuutafute" alinitazama mimi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa pedali ya mafuta.

Haraka yenyewe ilitokana na binti yake. Ndiye mtoto wake wa pekee, na mama yake alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Alifanya kazi katika maabara ya kupima maji, akiishi kwenye vyumba viwili upande wa pili wa mji, na kila Jumapili alikuja kumwona baba. Sasa alikuwa amehamishwa kikazi, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Alimwomba mzee jambo moja tu: Jumamosi ampelekee vyombo vyake kwa lori. Halafu, kwa kuwa alimjua baba na alilijua lori, akaongeza kwamba kama halijakaa sawa asijisumbue, atakodi lingine. Mzee Gia alinisimulia habari hiyo asubuhi, akanisimulia tena jioni, na mara zote mbili alisita kwenye neno "lingine".

Binti huyo jina lake la nyumbani lilikuwa Mguu. Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akimkanyagia baba yake. Mama alimshonea mto wa matambara ili aone juu ya usukani, na baba akafunga kipande cha ubao kwenye pedali ili unyayo wake ufike. Akakua, ubao ukatolewa, jina likabaki. Baada ya yeye kuhamia kwake, mzee alijaribu kuweka tofali juu ya pedali. "Tofali linajua kukanyaga," aliniambia. "Halijui kuachia."

Ule mto ulikuwa bado kwenye kiti. Mara ya kwanza nilipopanda niliusogeza chini, karibu na gia. Mzee alizunguka, akafungua mlango wa pili, akauokota, akaukung'uta na kuuweka kwenye kiti cha abiria, kama mtu anayempisha mwenzake.

Basi tukaanza. Alichomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine huku injini ikinguruma. Ukichomoa waya wa silinda nzima, alinieleza, injini yote inalalamika, inajikwaa, inataka kuzima. Ukichomoa wa ile mbovu, hakuna anayejua kama umetoa kitu. Ya kwanza ililalamika, ya pili, ya tatu, zote, mpaka ya sita, ile ya nyuma kabisa iliyo karibu na miguu ya dereva. Pale alichomoa waya na injini ikaendelea vile vile. Aliushika ule waya hewani kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Alihamisha plagi ya sita akaiweka kwenye ya kwanza, ugonjwa haukuhama. Akabadilisha waya, wapi. Nikikanyaga mafuta sana, ya sita ilizinduka ikafanya kazi na wenzake, nikiachia, ikalala. Kuhusu ukanyagaji wangu alikuwa na maoni pia. "Mguu wako una haraka ya kwenda kwao," alisema. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye mashine yake ilikuwa ukumbini upande wa pili wa ua wa mabati, alipaza sauti kwamba likichechemea lori, sindano yake inaruka, kwa hiyo Mzee Gia ama alipeleke hospitali ama alizike. Mzee akajibu kwamba mishono ya fundi ilikuwa mibovu tangu lori likiwa zima.

Jumanne mchana nilimkuta kwenye meza yake ya kazi anakata gasketi, kile kizibo cha karatasi kinachokaa kwenye maungio ya injini. Alilaza karatasi ngumu juu ya chuma na kuigonga pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka matundu yakajikata yenyewe. Akaipaka grisi, akaitundika kwenye msumari ukutani. Nilidhani kesho yake tungeifunga. Kesho yake alifungua pampu ya mafuta. Siku iliyofuata aliiosha kabureta ambayo alikuwa ameshaiosha. Mimi sijui injini. Nilikanyaga na kuachia. Jioni alikula akiwa amekaa kwenye kikanyagio cha mlango wa lori, sahani magotini, ingawa ndani kulikuwa na meza na viti vinne.

Ijumaa, jua likiwa bado kali, Mguu akaja moja kwa moja kutoka kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mguu."

Akanigeukia mimi akanipa pole, kwani alikuwa amesikia nimerithi cheo chake. Akavua viatu, akapanda. Aliurudisha mto mahali pake na kuukalia, ingawa kichwa chake sasa kilikaribia kugusa paa. Mzee akainama. Kanyaga, akakanyaga. Achia, akaachia, na injini ikaanza kuchechemea. Kisha akaizima bila kuambiwa.

"Sijasema uzime," alisema mzee.

"Linapiga mluzi, baba. Huku miguuni. Linavuta hewa ya wizi."

Alishuka, akazunguka kwenda kuinama pale bomba la hewa linapoungana na silinda ya sita. Alipoinua kichwa atafute bisibisi, macho yakakutana na msumari ukutani. Akaitungua ile gasketi, akaipima kwa jicho pale kwenye maungio. Ilikaa kama ilivyotakiwa kukaa.

"Hii umeikata lini?"

Mzee Gia alijifuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole.

"Jumanne."

"Kwa hiyo toka Jumanne unajua."

"Najua."

"Na huyu kaka wa watu umemkalisha humo anakanyaga."

"Alikuwa na nafasi," alisema mzee.

Upande wa pili wa ua cherehani ilikuwa imenyamaza. Mguu aliishika gasketi kwa ncha za vidole, grisi isimchafue, na alipozungumza hakupandisha sauti.

"Lori la kukodi nimeshalipata, baba. Kesho naondoka, hilo halina mjadala. Ninachouliza ni nitakaa na nani njiani."

Mzee alisogea kwenye injini. Aligusa bomba, akautoa mkono haraka, lilikuwa linaunguza. Ikabidi lipoe. Walikaa wawili pale kwenye kikanyagio, binti akila kutoka sahani ya baba, wakizungumza mambo madogo: kamba zipo ngapi, godoro liende chini au juu, njiani wasimame wapi. Kivuli cha tangi kilipolifikia gurudumu la mbele, mzee aliinuka akachukua spana.

Walifungua wenyewe, mimi nikashika vikombe vya nati. Gasketi ya zamani ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Walikwangua, wakaweka mpya, mzee akakaza akianzia katikati.

"Panda," alimwambia. "Nikisema kanyaga, kanyaga."

Akakanyaga. Akaachia. Injini ikashuka taratibu na kutulia, miguu yote sita chini. Fundi cherehani akachungulia juu ya mabati akasema sasa amekosa wa kumsingizia.

Kesho yake asubuhi walipakia vyombo kwenye vyumba vya Mguu, wakaondoka kwa lori la mzee, kabati limefunikwa turubai, Mguu kwenye kiti cha abiria, ndoo ya vyombo miguuni.

Mzee Gia alirudi Jumatatu mchana. Nililisikia lori tangu barabarani, si kwa injini bali kwa mbao za bodi, kwa sababu bodi ilikuwa tupu, nazo zikigongana. Aliingia uani, akavuta breki ya mkono, na hakuzima. Alikaa tu ndani akitazama ukuta. Nilipomfikia niliona kiti hakina mto.

"Kauchukua," alisema kabla sijauliza. "Anasema viti vya kule ni vifupi."

Kisha akashuka, akafunua boneti.

"Njoo ukanyage."

"Limeharibika tena, mzee?"

"Hapana. Kanyaga tu."

Nikapanda kwenye kiti kitupu. Aliinama, akaweka kiganja karibu na silinda ya sita, akasikiliza injini isiyokuwa na la kumwambia. Kanyaga, alisema, achia, kanyaga. Kodi yangu ilikuwa inaisha mwisho wa wiki hiyo na begi langu lilikuwa limeshafungwa, jambo ambalo nilikuwa sijamwambia.

"Polepole," alisema kutoka nyuma ya boneti. "Mguu wako bado una haraka."

Nikakanyaga polepole kadiri nilivyoweza.