Kilele Alichokikataa Kerubo

Kerubo alitoka Nyamira na shahada ya biokemia, akaajiriwa mwaka 2011 katika maabara ya utafiti mjini Doha. Kazi yake ilikuwa kusoma protini. Mashine ilikata asidi amino ya mbele, kiungo cha kwanza katika mnyororo wa protini, ikaipima, kisha ikakata inayofuata, na kila moja ilijitokeza kwenye grafu kama kilele, mahali pake panapojulikana. Aliyevijua vilele aliweza kuisoma protini herufi kwa herufi.

Mwaka uliofuata ililetwa sumu ya nyoka wa jangwani. Katikati ya vilele vya kawaida kikatokea kimoja kisicholingana na asidi amino yoyote waliyoijua. Mkuu wa maabara, Daktari Herbert, Mganda aliyekaa Ghuba miaka mingi, alikitazama huku akitabasamu.

"Hii ni asidi amino mpya," alisema. "Tunaandika makala. Jina lako litakuwa la pili."

"Bado hatujui ni nini, Daktari. Huenda ni kitu tulichokiingiza wenyewe."

"Basi thibitisha."

Kerubo akaendesha mashine bila protini. Kama kasoro ilikuwa kwenye kemikali za mashine, kilele kingeonekana hata hapo. Hakikuonekana. Herbert akamwambia mbele ya wenzake aache ubishi. Makala ikakamilika, ikabaki idhini ya Kerubo tu.

"Siidhinishi," Kerubo alisema.

"Jaribio lako mwenyewe limekuumbua."

"Limeonyesha kwamba kosa si la mashine. Halijaonyesha kwamba si letu."

"Mkataba wako unaisha Juni, na visa yako iko kwetu. Fikiria."

"Nimeshafikiria."

Jioni, katika nyumba waliyopanga mtaa wa Muaither, alimsimulia Mumbua, muuguzi kutoka Machakos aliyeishi naye chumba kimoja.

"Si ukubali tu, dada?" Mumbua alisema. "Maabara si yako."

"Jina ni langu. Watu wahangaike kutafuta kitu ambacho hakipo, kwa sababu mimi niliogopa kurudi nyumbani?"

"Na wakikurudisha kweli?"

"Nitapanda ndege kama nilivyokuja."

Mumbua akamwongezea chai.

Kerubo akaanza kufuatilia njia ambayo protini ilipitia kabla ya kufika kwenye mashine. Ilikuwa imetenganishwa katika jeli ya akrilamidi, na siku ile kila mtu alikuwa na haraka. Jeli haikupewa muda wa kuganda vizuri. Akrilamidi inayobaki bila kuganda hushikamana na sisteini, asidi amino ambayo kwa kawaida mashine ile haiioni, mahali pake huwa patupu; ikishikwa hivyo, huenda ikatoa kilele. Akachukua protini ya ute wa yai la kuku, ambayo mpangilio wake unajulikana na sisteini yake ya kwanza iko nafasi ya sita. Akaipitisha kwenye jeli iliyoharakishwa vilevile. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Asidi amino tano za mwanzo zilikuja kama alivyozitarajia. Katika nafasi ya sita, palipopaswa kuwa patupu, kikasimama kilele kilekile. Kerubo akapiga meza kwa kiganja, akaenda ofisini kwa Herbert na grafu mbili.

"Nyoka wetu na kuku wa sokoni Al Rayyan wana asidi amino mpya ileile, Daktari."

Herbert alizitazama grafu zote mbili. "Ungeweza kunijia faraghani tangu mwanzo," alisema.

"Nilikujia. Wewe ndiye uliyenijibu mbele ya watu."

Makala haikutumwa. Shukrani haikuja. Ilipofika Juni, mkataba haukuongezwa, na afisa wa utawala akamwomba aseme kwamba anaondoka kwa hiari.

"Siondoki kwa hiari," Kerubo alimjibu. "Mnaniondoa. Semeni hivyo."

Afisa aligeukia simu yake.

Mumbua alimsindikiza uwanja wa ndege, wakasimama na mizigo wakisubiri foleni isogee.

"Hujuti hata kidogo?"

"Nitakukosa wewe," Kerubo alisema. "Pale kazini, walikosea wao." Akavuta sanduku lake, akasogea mbele.