Mkwe wa Miguu Minne

Drusilla alipostaafu kukamua ng'ombe kwenye shamba moja kubwa la Borabu, mwenye shamba, aliyekuwa anahama, alimpa kiinua mgongo: farasi jike wa miaka miwili. Drusilla akamleta kwa kamba hadi nyumbani Nyansiongo. Mumewe, Manasseh Nyakundi, alikizunguka kile kiinua mgongo mara mbili, akaona kweli kina mgongo, akarudi ndani kunywa chai.

Nyansiongo ng'ombe wanajulikana, na punda wanajulikana hadi tabia. Farasi watu walimwona kwenye kalenda. Drusilla hakujua farasi anafanyiwa nini, kwa hiyo akamlisha. Ndizi mbivu, viazi vitamu, uji uliobaki, na uji ambao haukubaki. Tena, kwa kuwa mwana wao wa pekee, Bravin, alikuwa anavaa tai ofisini mjini Kisii bila dalili yoyote ya kuoa, mama alimwita yule farasi Mokamwana, yaani mke wa mwana. Alisema huyu angalau hajibizani. Ulikuwa mzaha.

Miaka kumi na miwili baadaye Drusilla akafa. Mzaha ukabaki na Manasseh.

Mokamwana sasa alikuwa na miaka kumi na minne, mgongo wake haujawahi kukaliwa na mtu, na tumbo lake lilikuwa linapita langoni kwa awamu. Daktari wa mifugo alimpapasa shingo, akamwinua kwato, akasema mafuta hayo yatashukia miguuni, kwato zitawaka moto, na siku moja atalala asiinuke. Apunguziwe chakula, afanye kazi. Manasseh akasema huyu hajawahi kufanya kazi. Daktari akasema hilo linaonekana.

Bravin alikuja Jumapili, akaongea kama barua ya ofisi. Magoti ya baba hayawezi kutembeza farasi. Yeye amepata mtu wa kupiga picha za harusi anayemtaka farasi huyo, naye atakuja siku ya kumbukumbu ya mama ya mwaka mmoja, baada ya wiki kumi na mbili. Lakini kwa kuwa ni mnyama wa mama, kama siku hiyo atakuwa anapandwa na mtu, atabaki. Asipopandwa, anakwenda.

Tangu mazishi, sauti pekee iliyomwita Manasseh asubuhi pale nyumbani ilikuwa ya huyo farasi akidai ndizi. Hilo hakumwambia Bravin. Ofisini hawana fomu yake.

Alimtafuta Jeconia Oyugi, mtu wa kutoka upande wa ziwa aliyeuza viatu vya mitumba sokoni. Ujanani Oyugi alikuwa saisi Nairobi, akitunza farasi wa mashindano. Alikuja, akamtazama Mokamwana, akauliza anazaa lini. Manasseh akamwambia hana mimba. Oyugi akasema pole.

Ndizi zikakoma. Nyasi zikaanza kupimwa. Mokamwana alisusa, akageuzia watu makalio siku mbili, kisha akaona hakuna anayeumia ila yeye. Oyugi akamtembeza kwa kamba, halafu akamfuata kwa nyuma na kamba mbili ndefu, kama mtu anayelima hewa. Akamwekea gunia tupu mgongoni. Likatupwa. Akaliokota, akamwekea tena. Siku ya tisa Mokamwana alichoka kulitupa. Oyugi akasema farasi wa umri huu hafundishwi, anaombwa.

Wiki ya kumi na moja mbavu zilionekana, kwa mtu mwenye imani. Oyugi aliazima tandiko la ngozi, na Mokamwana akalikubali. Sasa alikosekana mtu. Oyugi mwenyewe alikuwa na kilo mia moja. Manasseh alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Oyugi akamwambia apande.

"Siwezi," Manasseh akasema. "Huyu ni mkwe wangu."

Oyugi akacheka, akagundua anacheka peke yake. Kwa Wakisii baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hata mkono hampi. Ndiyo ensoni, heshima iliyochanganywa na aibu. Kuhusu kumkalia mgongoni, wazee hawakusema kitu, maana hawakufikiria atatokea mtu wa kuuliza.

"Mzee Nyakundi, humkalii mkwe. Unakalia kiti."

"Na kiti kiko juu ya nani?"

Oyugi akatazama kiti. "Basi mbadilishe jina."

"Si mimi niliyempa."

Nyamusi, jirani, aliuliza kutoka ng'ambo ya ua kama mahari ilishalipwa. Manasseh akamwambia ililipwa yote, kwa ndizi.

Zikabaki siku tatu. Jioni hiyo Manasseh alifungua sanduku la Drusilla, ambalo halikuguswa tangu mazishi. Alitoa leso aliyokuwa akijifunga akienda kulisha. Hakutazama vingine.

Asubuhi akaitandaza juu ya tandiko.

"Sasa kati yetu yuko mama mkwe wake," akamwambia Oyugi.

Mokamwana aligeuza shingo, akainusa ile leso kwa muda mrefu. Manasseh akapanda juu ya kreti ya soda, akajilaza kifudifudi kama gunia, akashuka. Akajilaza tena. Mara ya tatu akavusha mguu, goti likalalamika, akakaa.

"Pumua," Oyugi akasema. Haikujulikana anamwambia nani. Wakapumua wote watatu.

Jumamosi, maombi yalipokwisha, Manasseh alitokea nyuma ya zizi akiwa juu ya Mokamwana, leso chini yake, Oyugi pembeni mikono mfukoni. Mpiga picha alikuwa amekuja na kamba yake. Walipofika mlango wa jikoni, farasi akasimama. Manasseh akambana kwa miguu. Akasimama vilevile.

"Baba, amekataa," Bravin akasema.

"Hajakataa. Anangoja."

Pale mlangoni ndipo Drusilla alikuwa anasimama na beseni. Bravin alilegeza tai. Aliingia jikoni, akatoka na ndizi moja. Oyugi akatikisa kichwa: nusu. Bravin akaikata, akampa Mokamwana nusu, nyingine akaila mwenyewe hapo hapo, bila kumtazama mtu.

Mokamwana akamaliza kutafuna, akaendelea mpaka langoni.

Mpiga picha alikunja kamba yake, akaomba basi angalau ampige picha moja.

Manasseh akasema mkwe wake hapigwi picha na wageni.