Siku Nilipolisafisha Shamba la Dada

Siku moja ninayoikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu, gari la chuo cha kilimo lilipanda mpaka kwetu mlimani kumchukua dada yangu Kolastika. Wahadhiri wa kule Mazimbu walitaka akawaeleze anavyolima mteremkoni bila udongo kumkimbia. Kolastika, mdogo wangu, aliyeishia darasa la saba. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, nikilala kwa shangazi kule Mafiga mjini na kula ugali wake wa masimango, nilibaki kibarazani nikiwapungia mkono. Mkono wenyewe ulipunga kwa shida.

Kwetu Uluguruni ardhi hufuata upande wa mama. Shamba lile lilikuwa la ukoo wetu, na ukoo ulimkabidhi Kolastika alilime. Wanafunzi wa chuo walikuja kila Jumamosi kujifunza kwake, kwa ruhusa ya mjomba wetu, mkubwa wa ukoo. Walimwita mwalimu. Walimletea kiti. Akikohoa, wanaandika. Mimi waliniamkia "shikamoo baba" wakapita, kwa heshima ambayo wangeipa hata nguzo ya nyumba. Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga. Hawakusema vile vidole vingine vinajisikiaje.

Ni kweli sikuwa mkulima wa kujivunia. Tangu nimalize shule, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kibarazani. Hata Mikese, hapo barabarani tu, naijua kwa kusimuliwa. Lakini wivu haukuulizi umelima wapi.

Kabla ya kupanda gari, Kolastika aliniambia, "Kaka, wanafunzi wakija waonyeshe tu. Wasiguse kitu mpaka nirudi."

"Nenda salama, mheshimiwa."

"Kaka, sitanii. Maharage ndiyo kwanza yameota."

Wanafunzi walipofika nikavaa shati langu la Misa, nikawaongoza shambani. Ungeniona nilivyotembea. Sasa, Kolastika alikuwa na kawaida ya kulaza mabua na magugu kwa mistari, kukinga mteremko, na kati ya mistari kuacha ukanda wa majani marefu. Kwa macho yangu ule ulikuwa uchafu mtupu. Binti mmoja, Neema, akauliza, "Baba, mwalimu alisema majani haya ndiyo yanayoshika udongo. Yanashikaje?"

Ningeweza kumwambia amsubiri mwenyewe. Lakini lile neno mwalimu lilinichoma.

"Mwalimu wenu amechoka kupalilia, ndiyo maana," nikasema. "Sisi tuliosoma kilimo darasani tunajua shamba safi ni lile linaloonyesha udongo. Ng'oeni hayo. Mabua sukumeni bondeni."

Wakatazamana. "Una uhakika, baba?"

"Kwani mwenye shamba hapa ni nani, mimi au wewe?"

Jibu nilikuwa nalijua, ndiyo maana nikauliza kwa sauti kubwa.

Kufika mchana shamba lilikuwa limenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Jioni ileile mvua ikashuka. Kolastika aliporudi kesho yake, alikuta udongo wa juu umeteremka hadi kijitoni, na maharage, chakula chetu cha msimu mzima, yamekwenda nao. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, ungeniambia kwamba unataka kiti."

Mjomba akaita kikao, wanafunzi nao wakaja. Neema akaomba radhi kwa niaba ya wenzake, na jina langu hakulitaja. Mjomba, mzee mwenye tabia ya kukutazama vidole vya miguu anapokusema, akatamka, "Tuliwafungulia mlango wajifunze, wametuachia mawe. Basi. Chuo kisirudi hapa."

Hapo, mwanangu, nilikuwa nimepata kila nilichokitamani. Ningenyamaza, ualimu wa Kolastika ungekufa palepale na mikono yangu ikabaki safi. Nikamtazama. Alikuwa ameinama, anaufuta udongo kwenye daftari la mmoja wa wanafunzi wake, polepole, kama mtu anayeaga.

"Mjomba," nikasema, "ni mimi niliyewaambia."

Akanitazama vidole kwa muda mrefu. "Basi Jumamosi na wewe ni mwanafunzi," akasema. "Ukae mbele."

Nikakaa mbele. Tulibeba udongo kwa matenga kutoka kijitoni, mimi na vijana wale, Kolastika akitwambia wapi tuumwage na kwa nini. Neema aliandika kila kitu, na nadhani hata mara zote nilizoteleza. Majani yale niliyapanda upya kwa mikono yangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sitakudanganya kwamba wivu ulikwisha. Mwezi uliopita watu wa chuo walikuja tena kumpiga Kolastika picha, mimi wakanishikisha mkoba wake, na kifua kikanibana kama zamani. Ila siku hizi nikibanwa nauliza swali.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Mtu unayemwonea wivu ana jambo unalolitaka. Mwendee umwombe akufundishe kabla hujamharibia. Cheti chako kisikufanye uone haya kuuliza, hata kwa mdogo wako. Na ukiona kunyamaza kwako kunamwangusha mwenzio huku kunakufaidi wewe, fungua kinywa upesi, maana ukichelewa utazoea.

Mungu akujalie ndugu wanaokuzidi, mwanangu, akujalie na moyo mpana wa kuishi nao.