Nilivyofunga taa za xenon kwa pickup Lodwar, na siku ziliposhusha ndege Kakuma

Wakuu, ejok, kama wanavyosalimiana Waturkana.

Nimesoma huku ndani mabishano ya taa za xenon, wengine wakisema ni urembo wa vijana wa mjini. Nikaona leo nami niandike. Haya yalinipata mimi mwenyewe, miaka ya tisini mwishoni, na sitatia chumvi. Mwenye swali aulize.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Wakati huo nilikuwa naishi Lodwar, napeleka vitunguu, unga na sabuni kwa wafanyabiashara wa Kakuma, kwa pickup yangu ya dizeli. Gari lilikuwa zima kabisa.

Shida ilikuwa taa.

Zilikuwa zile za zamani, kioo na balbu ni kitu kimoja, mwanga wa njano. Jioni vumbi likipanda, unaona bonnet yako na mbuzi aliye karibu kugongwa. Basi.

Siku moja jamaa wa lori akaniletea kutoka Nairobi balbu mbili, kwa boksi imeandikwa XENON. Tusichanganyane hapa: hizi si zile za siku hizi zenye ballast, kile kidude cha kupandisha umeme. Ni balbu za kawaida zilizojazwa hiyo gesi, lakini watts zake zilikuwa za kutisha. Akaniletea na vioo vyake vinavyokubali kubadilishwa balbu.

Nikaenda kwa Ekai, fundi wa waya pale Lodwar, rafiki yangu sana. Tukafunga mchana, tukawasha, tukashangilia.

Shangwe haikudumu. Harufu ya plastiki ikaanza kutoka chini ya dashboard. Swichi ilikuwa inayeyuka, waya za zamani zimeshindwa na mzigo.

Tulirudi mwanzo. Ekai akavuta waya nene moja kwa moja kutoka betri, tukaweka fuse na relay mbili, zile swichi za kubeba umeme mzito. Swichi ya ndani sasa ikabaki na kazi ya kuamsha relay tu. Jioni tukatoka nje ya mji kujaribu. Wakuu, nilipopiga full, barabara ilifunguka mpaka mbali kabisa, unaona mawe, unaona kichaka, unaona dik-dik amesimama anashangaa.

Mke wangu alicheka tu. Akasema nimevalisha punda miwani.

Haya, twende Kakuma.

Nilikuwa nimeshusha mzigo huko, mvua ikanyesha juu milimani. Mnaojua Turkana mnajua: hapo ulipo jua linawaka, lakini laga, ule mto mkavu, inakuja na maji mekundu na miti mizima. Upande wa Lodwar barabara ikakatika. Upande wa Loki, kuelekea mpaka wa Sudan, pia. Tukafungiwa katikati.

Sasa kambini, ile ya wakimbizi, kulikuwa na mwalimu mmoja Msudani, Mwalimu Deng, mteja wangu. Mkewe Rebecca alikuwa na duka dogo la chai na sukari, na ndiye aliyeongoza kwaya kanisani kwao. Mama mcheshi, kila nikifika ananisalimia "Wanjala, umeniletea vitunguu au umeniletea maganda?"

Siku hiyo tumbo lilimkamata asubuhi. Kufikia mchana alikuwa hawezi kunyooka. Daktari wa zahanati akasema utumbo umejisokota, anatakiwa kupasuliwa leo hii, na pale hakuna wa kupasua. Wakaita ndege kwa redio.

Ndege ikachelewa. Kwanza hali ya hewa, halafu sijui nini. Jua likaanza kushuka na uwanja wa ndege wa Kakuma ni murram tupu, udongo wa changarawe, hauna taa hata moja.

Mwalimu Deng alinikuta nakula. Hakuketi. Aliongea polepole sana, kama mtu anayeogopa sauti yake itavunjika.

"Ndugu yangu, rubani anasema akikuta giza atarudi. Watu wanasema gari lako lina taa. Naomba uje."

Niliacha chakula pale pale.

Tulipofika uwanjani giza lilikuwa limeshaingia. Rebecca alikuwa amelazwa ndani ya Land Rover ya zahanati, kwa nyuma, amefumba macho. Rubani akatoa maelekezo kwa redio: gari langu likae mwanzo wa uwanja, pembeni, taa zielekee kule anakokwenda yeye, ili zisimpige machoni. Land Rover ikae mwisho, impe alama ya pale uwanja unapoishia. Daktari akabaki kando yangu na redio ya mkononi, Mwalimu Deng naye.

Nikaliacha gari linaunguruma, mguu kwenye mafuta kidogo, nikapiga full.

Uwanja wote ukaonekana.

Tukasikia ndege. Ikazunguka, ikajipanga, ikaanza kushuka. Na hapo hapo, mbali ndani ya mwanga, nikaona macho mawili yanang'aa.

Ngamia. Katikati ya uwanja, anatembea kama wa kwake.

Nilimpigia daktari kelele, daktari akapiga kelele kwenye redio. Ndege ikanguruma, ikapanda tena juu yetu. Mwalimu Deng alishika kichwa. Askari wa uwanja na wanaume wengine wakakimbia na fimbo kumwondoa yule mnyama. Kwa taa zangu za zamani, wakuu, nawaapia nisingemwona.

Mara ya pili ilipita juu ya paa la pickup nikahisi upepo wake. Magurudumu yakagusa murram. Vumbi likajaa mwangani, halafu mlio wa injini ukapungua.

Sikushangilia. Niliinamia usukani nikalia.

Wakampakia, ndege ikaruka kwa mwanga ule ule. Akapasuliwa usiku huo huo.

Wiki kadhaa baadaye alirudi. Jumapili nikaitwa kanisani kwao kambini, lile la mabati na udongo. Rebecca, amekonda, akasimama mbele na kusema kwa Kiswahili chake: "Mimi nilifunga macho, nilikuwa nangoja kufa. Halafu mwanga ikaingia ndani ya macho hata kama imefungwa. Nikasema, basi, ndege itaona sisi." Halafu akaanza wimbo, kwaya nzima ikaupokea.

Nilichojifunza: ukiongeza mwanga, anza na waya na relay, balbu baadaye. Ukikutana na gari, shusha dim, mwenzako naye ana macho. Na kitu kizuri ulichojinunulia mwenyewe, kuna siku mtu mwingine atakihitaji kuliko wewe. Usisite kukitoa.

Hiyo ndiyo yangu. Mliopita Lodwar na Kakuma miaka ile, na mafundi wa waya, karibuni mseme yenu hapa chini. Hata wa kunipinga, njooni.