Tangi la Wageni wa Lusahunga

Juzi pale Lusahunga, malori yanapopumzika, niliona wazee wawili wa Kizungu, mtu na mkewe, wakishuka kwenye gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo. Bibi akamuuliza muuza mafuta, kwa Kiswahili cha kujifunza, tangi la choo wakalimwage wapi.

“Wengine humwaga porini,” akajibiwa.

Bibi akatikisa kichwa. Mama mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa akaingilia: “Njooni kwangu. Shimo langu ni refu.”

Nikawafuata, umbea ndiyo kazi yangu. Mzee alimimina, mama akatupia majivu. Walipotaka kupanda gari, akawazibia mlango, mikono kiunoni.

“Mmefika chooni kwangu, halafu muondoke bila kuingia ndani? Majirani watanisemaje?”

Wakaketi mkekani, wakala ndizi kwa maharage. Bibi alikula taratibu, kama aliyesahau safari. Mimi nina ndugu mjini ambao hata sebule yao siijui.

Wakati wa kuagana, mama alimshika bibi mikono yote miwili.

“Mkipita tena,” akamwambia, “msisubiri lijae.”